Udongo wa bustani: usihesabu kwa tripu, pima mwenyewe (uzoefu wangu Mikindani, njooni tusaidiane hesabu)

#1 mikindani_kwetu

Wakuu habari za humu. Huku kusini watu wanajenga sana siku hizi na nyumba ikishaisha kila mtu anataka uwanja upendeze, ukoka mbele, mchicha na bamia nyuma, maua ukutani, na swali ni lile lile, "niagize tripu ngapi za udongo?" Majibu yanakuja mbili, tatu, tano, kila mtu na yake, na hakuna anayemuuliza mwenzie uwanja una ukubwa gani wala gari lenyewe linabeba kiasi gani. Mimi hilo jambo limenigharimu ndo maana naleta uzi, mwenye kujua zaidi aongezee na nikikosea mnirekebishe.

Novemba 2023 nilitaka kupanda ukoka mbele ya nyumba. Pale kwangu Mikindani ni mchanga mtupu, ukichimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe, maji ukimwaga yanapotea hapo hapo kama umemwaga kwenye chekeche. Nikampigia dereva mmoja wa kenta (lori dogo), akaja akasimama getini, akatupa jicho uwanjani akasema "bosi hapa nne zinatosha". Nikalipa nne. Zikaletwa, vijana wakasambaza, uwanja ukawa mweusi mzuri kabisa, mama watoto akapiga picha. Mvua za Desemba zikaanza, ukoka ukashika vizuri tu, mi nikajua tumemaliza.

Mwezi wa tano 2024 ile mvua ya kimbunga Hidaya ikapiga, kona ya barabarani udongo ukaondoka nikauona mtaroni. Halafu Juni na Julai jua likakaa, ukoka ukaanza kukauka mabaka mabaka, unamwagilia asubuhi jioni umeshanyauka. Nikachukua panga nikakata kipande kama cha keki nione chini kuna nini. Udongo mweusi ulikuwa na unene wa vidole viwili hivi, nikaweka rula, sentimita 5. Chini yake mchanga mweupe mkavu na mizizi imefika pale kwenye mpaka ikageuka kurudi juu. Hapo nikaelewa shida sio mbegu wala maji, udongo ulikuwa mdogo toka siku ya kwanza.

Sasa twende kwenye hesabu, sio ngumu, mtoto wa darasa la sita anaifanya. Unahitaji vitu vitatu tu, eneo, kina, na ujazo wa gari.

Eneo: uwanja wangu una umbo la ajabu nikaugawa. Mstatili mkubwa mita 11 kwa 8 ni 88. Pembeni kuna pembetatu, kitako mita 5 na kimo mita 4, unazidisha unagawa kwa mbili inakuja 10. Jumla 98. Nikatoa duara la kuzunguka mwembe ambalo sitaki kuliwekea udongo, nusu kipenyo mita moja na nusu, yaani 1.5 mara 1.5 mara 3.14, kama 7. Inabaki mita za mraba 91.

Kina: mimi nimeshika kwamba ukoka usipungue sentimita 10, mboga 20 mpaka 30. Kuna njia moja rahisi ya kukaa kichwani, ukiwa na mita za mraba 100, kila sentimita moja ya kina ni kyubiki mita moja kamili (mita moja ya ujazo). Kwahiyo uwanja wa mita 100 kwa sentimita 10 ni kyubiki 10, kwa sentimita 5 ni kyubiki 5. Ukishika hiyo hata ukiwa barabarani na dereva kwenye simu unapiga mwenyewe kwa kichwa.

Ujazo wa gari: hapa ndo pesa zetu zinapotelea. "Tripu" sio kipimo jamani. Niliposhtuka nikaenda kuipima bodi ya kenta ile ile kwa ndani, urefu mita 3, upana 1.6, kimo cha ubao 0.4. Ikijaa mpaka juu ni kyubiki 1.92. Lakini nikakumbuka zile nne zangu hazikujaa, udongo ulikuwa chini ya ukingo wa ubao kama kiganja hivi, tuseme kina chake sentimita 30. Sasa 3 mara 1.6 mara 0.3 ni 1.44, mara nne ni 5.76. Ukisambaza kwenye mita 91 unapata sentimita 6 na kidogo, mvua ikishindilia inabaki 5. Ile ile niliyoikuta kwenye rula. Niliumia wakuu lakini angalau nilipata jibu.

Baadae nitaeleza nilivyofanya mara ya pili. Karibuni.

#2 mgeni_wa_shangani

Asante sana kaka, umenifungua macho. Mi nimehamia Mtwara mjini mwaka huu, nataka kuweka ukoka pia ila uwanja wangu haujakaa sawa, upande wa geti uko juu, upande wa ukutani uko chini. Hapo kina napimaje maana kila sehemu ina chake?

#3 mikindani_kwetu

Mkuu hapo swali zuri na wengi tunateleza hapo. Kwangu pia palikuwa na mteremko. Mara ya pili nililima kwanza ile sentimita 5 ya zamani ikachanganyika na mchanga wa chini, nikasawazisha kwa reki, halafu nikapiga vigingi tisa, safu tatu za vigingi vitatu vitatu. Nikaazima kwa fundi mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, nikaweka alama ya usawa ninaoutaka kwenye kila kigingi, nikafunga kamba. Halafu unapita na rula unapima kutoka kwenye kamba kushuka chini. Mimi nilipata 6, 8, 10, 7, 11, 14, 9, 13, 16. Jumlisha zote ni 94, gawa kwa tisa unapata sentimita 10.4 wastani. Zidisha na eneo, 91 mara 0.104, ni kyubiki 9.5 hivi.

Angalia kitu kimoja, pale kwenye 6 na 7 udongo utakuwa mwembamba, kwahiyo pale nilichimba mchanga nikashusha kidogo na ule mchanga nikaupeleka kwenye 16. Usinunue udongo mzuri ukajazie shimo, shimo jaza kifusi au mchanga ulionao, udongo mweusi uje juu.

Na kabla hujaweka hiyo alama ya usawa angalia msingi wa nyumba. Udongo usipande mpaka ukakaribia sakafu, acha kama sentimita 15 chini yake, la sivyo unyevu unapanda ukutani rangi inavimba.

Halafu nikaongeza asilimia 20 kwa ajili ya kushuka, 9.5 mara 1.2 ni 11.4. Gawa kwa 1.92 unapata tripu 5.9, yaani sita zilizojaa.

#4 fundi_wa_lindi

Mwanzisha uzi heshima yako, umeeleza vizuri sana lakini hapo mwisho naomba nikurekebishe kidogo. Udongo ukishuka asilimia 20 haitoshi kuongeza asilimia 20. Chukua kyubiki 10, ongeza 20% zinakuwa 12, halafu 12 zishuke 20%, unabaki na 9.6, umepungukiwa. Inatakiwa ugawe kwa 0.8. Kwahiyo 9.5 gawa kwa 0.8 ni 11.9. Tofauti ni nusu kyubiki, inaonekana ndogo lakini kwa uwanja mkubwa ni gari zima.

Jambo la pili ni hizi tani. Madereva huku Lindi wanauza kwa "tani saba", "tani tatu na nusu", watu wanadhani tani saba ni kyubiki saba. Hapana. Udongo wenye unyevu wa kawaida kyubiki moja ina uzito kama tani 1.3 mpaka 1.6. Kwahiyo tani saba za udongo ni kama kyubiki 5 hivi. Na ukiununua kwa uzito baada ya mvua unalipia maji, gari lile lile uzito umepanda na udongo haujaongezeka hata chepe moja. Ndo maana mimi nanunua kwa ujazo siku zote, uzito niachie kokoto na nondo.

Na ukitaka kulinganisha bei gawa bei kwa kyubiki. Mfano tu, kenta elfu 60 kwa kyubiki 2 ni elfu 30 kila kyubiki, fuso (lori kubwa kuliko kenta) laki na 30 kwa kyubiki 5 ni elfu 26. Kwa macho fuso ni ghali, kwa hesabu ni nafuu, ilimradi njia ya kwako linapita na una pa kumwaga.

#5 mikindani_kwetu

Fundi upo sahihi kabisa, nimepiga tena naona hivyo hivyo, 11.9. Na kiukweli ndo kilichonitokea, sita zangu zilileta 11.52, ikapungua 0.38. Hiyo niliijazia kwa toroli za mboji yangu mwenyewe, toroli ya kawaida inachukua kama lita 65 kwahiyo zilikuwa toroli sita. Watu watumie hesabu ya fundi, gawa kwa 0.8.

#6 mama_mchicha

Hamjambo wanangu. Mimi nipo Lindi nina matuta yangu ya mboga nyuma ya nyumba, matano, kila moja upana mita moja urefu mita sita. Nataka kina cha sentimita 20. Kijana kaniambia nilete fuso. Je ni kweli? Na mimi kyubiki sizijui vizuri, najua ndoo na debe.

#7 fundi_wa_lindi

Shikamoo mama. Matuta matano mara mita 6 ni mita za mraba 30. Njia za kupita katikati usizihesabu, hapo watu wengi wanapima shamba zima wanalipia na njia. 30 mara 0.2 ni kyubiki 6. Lakini mama usinunue zote. Ule mchanga wako uliopo chini sio adui, utifue kina cha sentimita 10, halafu ununue sentimita 10 tu za udongo mzuri uchanganye pamoja na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi. Kwahiyo ni kyubiki 3, gawa kwa 0.8 ni 3.75. Kenta mbili zilizojaa vizuri ni 3.84, zinakutosha. Fuso la nini.

Kwa ndoo, kyubiki moja ni ndoo 50 za lita 20. Kwahiyo 3.75 ni ndoo 187 na nusu. Ukitaka kuhakiki gari moja waambie vijana wanaopakua wahesabu toroli, kwa zile za lita 65 kila kyubiki inatoa toroli 15 au 16 za kusawazishwa. Kenta iliyojaa lazima zitoke toroli 29 au 30. Zikitoka 22 hiyo haikujaa mama, mwite dereva kabla hajaondoka.

#8 mama_mchicha

Marahaba baba. Hapo kwenye ndoo nimeelewa kabisa. Mungu akubariki, ningeleta fuso hapa ningeweka wapi.

#9 tandahimba_1

Wadau mmeongelea kiasi sana ila ubora je? Mi kuna mwaka nililetewa udongo mweusi mzuri nikafurahi, baada ya wiki tatu ndago zimejaa uwanja mzima mpaka leo nang'oa. Ukinyanyua ule mmea chini unakuta vijiduara vya kahawia vimeunganishwa na uzi mwembamba, ukikata uzi kijiduara kinabaki chini kinaota upya. Bora ningekaa na mchanga wangu.

Na swali, huku kwetu maganda ya korosho yapo mengi sana kwenye ubanguaji, naweza kuchanganya nikapunguza udongo wa kununua?

#10 mikindani_kwetu

Pole sana mkuu, ndago ni msiba. Sasa hivi mi kabla ya kulipa naenda mwenyewe wanapochimba, nachukua beleshi moja nachekecha kwenye wavu natafuta hivyo vijiduara. Nikiviona hata viwili naondoka. Na kule kule naangalia nyasi gani zimeota juu, maana dereva hawezi kukuficha kilichoota.

Weusi pia sio ubora peke yake. Udongo wa mbuga ni mweusi ti lakini kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na mvua ikinyesha unanata kama ugali, ukoka unateseka. Na ule wa karibu na mikoko usiuguse una chumvi. Mi nachukua kopo, naweka udongo, nasia mbegu za mchicha na punje tano za maharage, namwagilia siku kumi. Zikiota zina rangi nzuri naagiza, ncha za majani zikiungua sinunui. Siku kumi sio nyingi ukilinganisha na miaka utakayokaa na huo udongo. Kingine chukua chupa ya maji ya plastiki weka udongo theluthi, jaza maji, tikisa, acha itulie. Mchanga unashuka ndani ya dakika moja mbili, ulaini wa katikati unachukua masaa, mfinyanzi unabaki unachafua maji mpaka kesho yake. Kama karibu yote yameshuka dakika ya kwanza ujue unanunua mchanga uliopakwa rangi, na mchanga unao tayari nyumbani.

Maganda ya korosho usiweke kaka. Lile ganda lina mafuta makali, wabanguaji wenyewe wanajua yanavyochubua mikono. Majani ya mkorosho yaliyokauka sawa, tandaza juu yanatunza unyevu. Mabibo (matunda ya mkorosho) pia yanaoza vizuri kwenye shimo la mboji lakini yaoze kweli kwanza, yakiwa mabichi yana uchachu na yanaita inzi.

#11 jirani_naliendele

Naongezea kwenye miti. Watu wakiletewa udongo ukabaki wanaurundika kwenye shina la mwembe au mkorosho wakidhani wanaulisha. Mizizi inahitaji hewa, na gome la shina likifukiwa muda mrefu linaoza. Mwanzisha uzi kafanya vizuri kutoa lile duara. Kama unapanda mche mpya hesabu shimo peke yake, sentimita 60 kila upande ni kyubiki 0.216, yaani ndoo kama 11, na nusu yake ni ule ule udongo wa juu ulioutoa shimoni. Kwa miche kumi hata kenta moja haijai.

Na mjue udongo unatoka wapi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari, sasa ukikuta mtu anachimba kwenye kingo za mto Lukuledi ujue bustani yako inabomoa shamba la mwingine mvua ikija. Mi hiyo inaniuma sana, nimeona kingo zinavyoliwa. Muulize dereva kibali, akijiumauma tafuta mwingine.

#12 mgeni_wa_shangani

Nimepima jana na shemeji yangu. Eneo 64, wastani wa vigingi sentimita 9. Nikapata 5.76, gawa kwa 0.8 ni 7.2. Dereva wangu bodi yake ni 3.1 kwa 1.7 kwa 0.38, nimepata kyubiki 2. Kwahiyo tripu 3.6. Naagiza tatu au nne? Na wakati gani mzuri, maana mvua bado.

#13 mikindani_kwetu

Hesabu iko vizuri kabisa mkuu. Agiza nne, hiyo kyubiki 0.8 itakayobaki rundika pembeni ufunike turubai, utaihitaji tu baada ya mvua ya kwanza, kila uwanja una sehemu zinazotitia. Mi sikubakiza kitu na nilijuta.

Wakati, sisi huku mvua ni msimu mmoja, Novemba Desemba mpaka Aprili Mei. Udongo ulete Oktoba mwishoni au Novemba mwanzoni. Usiumwage wote mara moja, weka kwanza sentimita 5 uichanganye na mchanga wa chini kwa jembe la mkono au uma, halafu ndo unaweka tabaka la juu. Ukiweka mweusi juu ya mchanga bila kuchanganya inakuwa kama sahani juu ya sahani, mizizi inafika mpakani inageuka, ile niliyoiona mimi kwenye kile kipande. Ukimaliza mwagilia kila tabaka lishuke, usishindilie kwa gari wala kwa miguu ya watu kumi, maji yafanye kazi. Na ukoka panda haraka mvua za mwanzo zinapoanza maana udongo ulio uchi kwenye mteremko unaondoka, mimi kona yangu iliondoka hivyo hivyo.

#14 mama_mchicha

Mrejesho wanangu. Kenta mbili zimekuja leo. Ya kwanza toroli 30. Ya pili zikatoka 24, nikamwonyesha dereva mistari niliyochora kwa mkaa ukutani, kila toroli mstari mmoja. Hakubisha, kapunguza bei. Matuta manne yamekamilika, la tano limepungua kidogo nitaweka samadi.

#15 fundi_wa_lindi

Mama hongera sana, hiyo ya mkaa ukutani nitaitumia saiti. Zilizopungua toroli 6 ni kama lita 390, ndoo 19 na nusu. Weka samadi ndoo 10 kwenye tuta la tano, zilizobaki chukua mchanga wako ule ule, mchicha utashukuru.

#16 mikindani_kwetu

Na mimi natoa mrejesho wa mwisho wa ile mara ya pili. Udongo uliingia Novemba 2024, vigingi sikuving'oa, niliacha vichomoze kidogo kwenye ukoka. Mvua zilipoisha nikapita na rula. Saba vimekaa pale pale kwenye alama au tofauti ya sentimita moja. Cha karibu na mwembe kimepungua mbili. Cha kona ya barabarani kimepungua tatu, pale maji ya paa yanadondokea, nimeshaweka bomba la kuyapeleka mtaroni. Nikakata tena kipande kama cha keki, mweusi unaingia kwenye mchanga taratibu hauoni mpaka, na mizizi imeshuka imepita.

Ile kona nimeipima, mita 2 kwa moja na nusu, kina sentimita 3, ni kyubiki 0.09, lita 90, ndoo nne na nusu. Nimechekecha tano, kesho asubuhi naziweka.